Gesi inapanda jikoni, tope linashuka ziwani

Jumamosi ile mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa tu, matone bado yanadondoka kwenye migomba, mjomba akanishika mkono akanipeleka nyuma ya banda la ng'ombe bila kusema kitu. Akanyoosha kidole. Kutoka kwenye shimo la tope linalobaki kwenye mtambo wetu wa bayogesi, ule unaochachusha kinyesi cha ng'ombe na taka za kuoza kutoa gesi ya kupikia, kulikuwa na kijito chembamba, cheusi, kizito kama uji wa ulezi, kinapita chini ya ukuta kinaingia kwenye mtaro wa barabara, na mtaro ule kila anayeishi hapa Mwanga, Kigoma, anajua unakoelekea.

Ziwani.

"Hii ndo ile nishati safi, mwanangu?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, anataka kujua kweli, na mimi sikuwa na jibu. Nimekaa na hilo swali wiki sita sasa. Nikiwa kwenye bajaji nalifikiria, nikimenya ndizi nalifikiria, mpaka nimeona bora nikae niandike.

## Mimi ndo nilileta habari

Mtambo ule ni mimi niliyemshawishi mjomba aujenge, na sehemu ya hela nilitoa mimi. Wazo nililitoa Dar, kwa kaka yangu anayeishi Gongo la Mboto. Nilikaa kwake wiki tatu na kuna usiku upepo ukigeuka kutoka upande wa dampo la Pugu Kinyamwezi mnafunga madirisha mnalala kwenye joto, kwa sababu ule moshi na ile harufu huwezi kuvumilia na mtoto mchanga ndani ya nyumba. Nikaanza kusoma. Nikakuta zaidi ya nusu ya takataka za Dar ni vitu vya kuoza, maganda, majani, mabaki ya vyakula, na jiji lenyewe kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya milioni 5. Vyote hivyo vinarundikwa, vya juu vinakandamiza vya chini, hewa haiingii, na pale chini vijidudu visivyohitaji hewa vinaanza kula na kutoa methani.

Methani hiyo ndo iliyonitisha. Kwa kipindi cha miaka 100 kilo moja yake inaongeza joto duniani kama kilo 28 hivi za hewa ukaa, na ukihesabu miaka 20 tu inapita 80. Inatoka kimya kimya, huioni.

Tena dampo lenyewe linaua watu moja kwa moja. Machi 2017 mlima wa takataka wa Koshe pale Addis Ababa uliporomoka ukafukia nyumba, zaidi ya watu 110 wakafa. Agosti 2024 ikawa zamu ya dampo la Kiteezi, Kampala, baada ya mvua kubwa.

Kwa hiyo nikawaza, kama hii gesi inatoka tu, si tuikamate tupikie? Hata Dar pale Mtoni, dampo la zamani lilipofungwa, waliweka mabomba wakawa wanakusanya gesi na kuichoma, maana methani ikiungua inageuka hewa ukaa na maji, na ubaya wake unapungua sana hata kama hujapata umeme wowote. Sisi tungefanya vizuri zaidi, tungepikia.

Nilirudi Kigoma nimejaa moto. Mjomba ana ng'ombe watatu, anti anapika chakula cha kuuza na alikuwa anamaliza magunia manne ya mkaa kwa mwezi, na soko la Mwanga lipo karibu, kila jioni linabaki na rundo la kabichi, nyanya zilizopondeka na maganda ya ndizi. Fundi akaja, akachimba, akajenga kuba la matofali chini ya ardhi la mita 10 za ujazo, na baada ya mwezi na siku kadhaa anti akawasha kiberiti jikoni ukawaka moto wa bluu.

Alilia. Na mimi nililia.

## Maembe

Msimu wa maembe wa kwanza ndo tulipata somo. Wanaoijua Ujiji mwezi wa kumi na mbili wanaelewa, maembe yanaanguka mpaka yanakosa wa kuyaokota, na sisi tukaona hiyo ni baraka, tukawa tunabeba toroli baada ya toroli tunamwaga kwenye mtambo. Wiki ya pili gesi ipo, bomba limejaa, lakini ukiwasha haishiki. Inapuliza tu, kiberiti kinazima.

Fundi alipokuja alinusa tope, akalichovya kidole, akatuuliza, "Mmelilisha nini hili tumbo?"

Akatueleza vizuri sana, na mpaka leo sijasoma maelezo yanayoshinda yale. Alisema mule ndani ni kama tumbo la ng'ombe, vijidudu vya mule na vya tumboni ni ndugu. Kuna wanaovunja chakula kugeuza asidi, hao wana haraka, halafu kuna wanaokula ile asidi kutoa methani, hao ni wapole na wanakua taratibu. Ukimpa ng'ombe pumba nyingi kwa ghafla tumbo linajaa asidi anavimba. Embe lina sukari nyingi, wale wa kwanza wanafanya sherehe, asidi inajaa, wale wa pili wanakufa. Unabaki na hewa ukaa ambayo haiwaki.

Dawa ikawa kuacha kulisha, kuweka chokaa kidogo, kuongeza kinyesi cha ng'ombe, na kufungua valvu ile gesi mbovu itoke. Tukafungua.

Hapo ndo kosa langu la kwanza lilipo. Siku za mwanzo kilichotoka ni hewa ukaa zaidi, sawa. Ila mtambo ulipona, ukaanza kutoa methani, na sisi valvu tukaiacha wazi kwa sababu bomba la kwenda jikoni lilikuwa limeziba na fundi alikuwa safarini Kasulu. Siku tisa. Juzi nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya makadirio, mtambo kama ule unatoa mita za ujazo 2 hivi kwa siku, zaidi kidogo ya nusu yake ni methani, kwa siku tisa ni kama kilo 7 za methani zimeenda hewani. Ukizidisha kwa 28 unakaribia kilo 200 za hewa ukaa.

Kama yale maembe tungeyaacha chini ya mti, yakaoza kwenye hewa, yakaliwa na kuku na funza, methani ingekuwa kidogo mno.

Hilo lilinikosesha usingizi. Kwa sababu tulichokifanya sisi ni kutengeneza methani ambayo vinginevyo isingekuwepo, kwa makusudi, kwa vijidudu tuliowafuga wenyewe. Ukiitengeneza na kuichoma yote, umefanya jambo jema. Ukiitengeneza ikavuja, umeongeza tatizo ulilosema unalitatua.

## Maji ya sabuni

Fundi alinifundisha kupima kwa njia ya kimaskini. Unachukua kikombe cha maji, unakoroga sabuni ya unga, unapaka kwenye kila maungio ya bomba kwa brashi ya rangi, unasubiri.

Maungio ya kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, pale bomba linapopinda kuingia jikoni, povu likaanza kuvimba taratibu, likawa kubwa kama jicho la mbuzi, likapasuka, likavimba tena. Anti alikuwa ameinama pembeni yangu, akasema, "Kumbe muda wote huu?"

Muda wote huo.

Kumbuka huu ni mtambo wa familia. Ulaya walipopima mitambo mikubwa, mingine ilionekana inavuja chini ya asilimia 1 ya methani yake na mingine inapita asilimia 10. Zote zimeandikwa nishati safi kwenye karatasi. Tofauti kati ya hizo mbili si teknolojia peke yake, ni mtu anayezunguka na kukagua, kifuniko cha tanki la tope, na kama mtambo ukizidiwa gesi kuna mahali pa kuichoma au inaachiwa tu.

Sasa kila Jumamosi anti anapaka sabuni. Anaifanya kwa makini kuliko mimi. Na ile harufu ya yai viza, ambayo ni gesi ya salfa inayokula vyuma na ni sumu ikizidi mahali pasipo na hewa, tunaipitisha kwenye chupa yenye misumari ya zamani iliyoshika kutu, kutu inaikamata. Misumari ikigeuka myeusi tii tunabadilisha.

## Kilo 900

Sasa turudi kwenye kile kijito cheusi, maana hapo ndo kiini cha yote.

Sisi tukizungumzia taka kuwa nishati akili inaruka moja kwa moja kwenye moto. Taka zinaingia huku, umeme unatoka kule, zimeisha. Haziishi. Tani moja ya mabaki ya chakula ikienda vizuri inatoa kama mita za ujazo 100 za gesi au zaidi kidogo, na gesi hiyo yote ukiipima kwa uzito ni kama kilo 100 na ushee. Zilizobaki, karibu kilo 900, zinatoka upande wa pili zikiwa tope, bado hujajumlisha maji uliyochanganya.

Nilipoielewa hii hesabu nilikaa chini.

Kwa jiji linalolisha mtambo wake tani 1,000 kwa siku, maana yake ni karibu tani 900 za tope kila siku ya Mungu, Idi, Krismasi, masika, kiangazi. Na mule ndani naitrojeni iko yote, fosforasi iko yote, haviungui na gesi. Tena naitrojeni inatoka ikiwa imelainika, sehemu yake kubwa imekuwa amonia, ambayo mmea unaifyonza haraka kuliko kinyesi kibichi, ndo maana ni mbolea nzuri sana. Ila kwa sababu hiyo hiyo inakimbia haraka, ukiimwaga juani inapaa hewani, ukiimwaga kabla ya mvua inateremka na maji.

Yani mtambo wa gesi, ukiutazama kwa uzito wa vinavyotoka, ni kiwanda cha mbolea kinachotoa na gesi kidogo.

Fundi yeye tope analiita slari, na siku ya kwanza kabisa alituambia, "Hii slari ndo mali yenu, msiichezee." Sisi macho yetu yalikuwa jikoni.

Jiji kubwa lisilo na mashamba karibu litapeleka wapi? Kulikausha kunakula nishati. Kulisafirisha kunakula dizeli. Kulimwaga kwenye mto Msimbazi ni kuhamisha ugonjwa kutoka Pugu kwenda baharini. Mradi wowote wa taka kuwa umeme siku hizi nikiusikia redioni nasubiri waseme kuhusu tope, na mara nyingi kipindi kinaisha wamesema megawati tu.

## Kisu kwenye mfuko

Kuna jambo dogo la kule mwanzoni kabisa, mlangoni, ambalo linaamua kama tope ni mbolea au sumu. Taka za soko zikija na nailoni, vipande vya betri, vioo, vinasagwa vinatoka humo humo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisaidia, lakini vile vifuko laini vya kufungia bado vimejaa, mimi mwenyewe nimevitoa kwenye tope kwa mkono, vimekatika vipande kama kucha.

Milano, Italia, walianza 2012 kukusanya mabaki ya chakula nyumba kwa nyumba, mtaa baada ya mtaa, mpaka 2014 jiji zima la watu zaidi ya milioni moja lilikuwa limeingia. Kila nyumba ina kindoo na mifuko inayooza. Taka zinapelekwa kwenye kiwanda cha Montello karibu na Bergamo, zinatoa gesi, na tope linaenda kuwa mboji. Ninachokipenda hapo ni kwamba kazi kubwa ilifanywa na watu wa kawaida jikoni, kabla ya mashine yoyote.

Addis wao walichagua kuchoma. Mtambo wa Reppie, uliofunguliwa 2018 pembeni ya Koshe, ulijengwa kuchoma tani kama 1,400 kwa siku na kutoa megawati 25. Naelewa kwa nini, watu wametoka kufukiwa. Ila taka zetu Waafrika zimejaa maji, ganda la ndizi au kabichi iliyooza sehemu kubwa ni maji tu, ukilichoma unatumia moto kukausha maji kwanza ndo ubakiwe na moto wa kutoa umeme. Na plastiki zikichanganyika humo unahitaji mitambo mizuri ya kuchuja moshi, la sivyo unatoa sumu ambazo zinakaa mwilini miaka.

Kwa taka mbichi, kuchachusha ni bora. Hilo nina uhakika nalo hata baada ya yote haya.

Na kwa Dar mimi ningeanza na masoko. Mabibo ndizi zinashushwa usiku kucha, mikungu na majani yanabaki pale pale, hayana nailoni nyingi, hayahitaji kuzunguka kaya milioni.

## Inaondoa nini?

Hili swali nililiruka kabisa mwanzoni.

Gesi ikiwa jikoni kwa anti inaondoa mkaa, na mkaa wetu unatoka kwenye miombo ya Uvinza na huko juu, kila aliyepanda basi barabara hiyo ameona magunia yamepangwa. Kila gunia lisilonunuliwa ni mti. Hapo faida ni ya wazi. Lakini gesi hiyo hiyo ukiigeuza umeme, mita moja ya ujazo inakupa kama yuniti 2 tu, nyingine inapotea kuwa joto la jenereta. Zamani Kigoma tukiwa kwenye majenereta ya dizeli ningesema sawa, unaondoa dizeli. Sasa tumeungwa gridi ya taifa na bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, umeme wa taka unaondoa kwa sehemu kubwa umeme wa maji. Unapunguza hewa ukaa kiasi gani hapo? Kidogo.

Kwa hiyo mtambo ule ule, taka zile zile, ukipeleka gesi kwenye sufuria una maana moja, ukipeleka kwenye waya una maana nyingine. Serikali imeweka mkakati wa 2024 mpaka 2034 kwamba asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Mimi naona taka za kuoza za miji zina nafasi yake hapo hapo, kwenye majiko ya shule, hospitali na magereza, kuliko kwenye megawati za kutangazwa.

Na tusisahau mbuzi. Soko la Mwanga kuna kinamama walikuwa wanaokota yale majani kwa ajili ya mbuzi wao, sisi tulipoanza kubeba kwa toroli wakaja kutuuliza mbona tunawanyima. Mmoja aliniambia, "Dada, kabichi ikipita kwa mbuzi napata maziwa na mbolea, ikipita kwako napata nini?" Tukagawana, ya mbuzi kwanza, kinachobaki ndo chetu.

## Ziwa

Nimeliacha mwisho kwa sababu linaniuma.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Maji yake ya juu ni angavu kwa sababu hayana mbolea nyingi, huko chini sana hakuna oksijeni, na maji yanayoingia yanakaa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Linalotupwa humo linakaa. Pale ufukweni, penye mawe, ndo wanakoishi samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, na pale pale ndo mitaro yetu inapomwaga. Mbolea ikiingia, mwani unaota juu ya mawe, ukifa unaoza, unakula oksijeni.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Watu wa Kibirizi na Katonga walikaa nyumbani na nyavu zao ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Majirani zetu walikopa unga. Mimi miezi michache baadaye natiririsha naitrojeni kwenye mtaro naita utunzaji wa mazingira.

Mjomba alikuwa mvuvi kabla ya kununua ng'ombe. Ndo maana hakupandisha sauti siku ile. Hakuwa na haja.

Kuna wiki nilimwambia tuufunge kabisa. Nikawa nimeshaamua. Anti ndo aliyekataa, alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema magunia yake manne yamekuwa mawili, kifua chake hakibani tena usiku, kama tope linakosa pa kwenda basi tulitafutie pa kwenda.

Tumechimba shimo la pili, tumelisakafia kwa saruji, juu tumeezeka bati mvua isiingie na turubai la kulifunika lipo. Fundi anasema lifunikwe hasa, kwa sababu tope likitoka bado linaendelea kutoa methani. Jioni jua likishuka tunabeba kwa toroli mpaka kwenye michikichi ya mjomba upande wa Mwandiga, tunachimba mfereji mfupi kuzunguka shina, tunamwaga, tunafukia saa hiyo hiyo. Mvua ikitishia, hatuendi.

Kaka alinipigia wiki iliyopita kutoka Gongo la Mboto, ameona video ya mtambo mkubwa wa nchi za watu, ananiuliza kama ukijengwa kwao ile harufu itaisha. Nikamwambia inaweza kuisha, kweli inaweza, ila wakija kuwaita kwenye mkutano wa mtaa anyooshe mkono aulize tope litaenda shamba la nani.

Jana usiku ilinyesha tena. Nikatoka na tochi, nikamkuta mjomba tayari yuko mtaroni amevaa mabuti. Maji yalikuwa yanapita mekundu, udongo wa kawaida wa mlimani, sehemu kubwa. Akamulika chini ya ukuta, pale kwenye kona.

"Pale bado panavuja," akasema.

Nikaenda kuchukua jembe.